Alama za Uhai katika Wodi ya Wanawake

Ukiambiwa kwamba una kifua kikuu cha uti wa mgongo, huenda jambo la kwanza utakalofanya ni kumbishia daktari, kwa sababu hukohoi. Hata mimi nilimbishia. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na mgongo uliouma kama uliovunjikiwa mwiba ndani, jasho lililolowesha mkeka kila nilipolala, na miguu iliyolegea njiani nikiwa na mtungi wa maji.

Naandika haya kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule atakayekaa kando ya kitanda chako. Mambo ya vijidudu na dawa waulize wenyewe walioyasomea. Mimi nitakueleza habari za kusubiri, na za rafiki niliyempata nikisubiri.

Kwetu ni Habaswein, kwenye barabara ya kutoka Garissa kwenda Wajir. Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, alifuga ngamia na mbuzi, na mara kwa mara aliwapeleka wanyama kuuza katika soko la mifugo la Garissa. Nilipoanza kuugua nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Aabo alimleta mzee wa kuchoma. Kwetu moto ni dawa ya tangu zamani. Mgonjwa huchomwa kwa kijiti chenye kaa pale panapouma. Mzee yule alinipiga mistari kando ya uti wa mgongo huku nikiuma shuka ya mama. Simlaumu Aabo. Alitumia dawa aliyoijua, na wakati wa kuchomwa alinipa mgongo ili asinione.

Vidonda vikapona, lakini chini ya makovu kikaota kinundu. Hooyo, mama yangu, alikigusa kwa ncha za vidole, akasimama.

"Moto umeshindwa," akasema. "Nampeleka Garissa."

"Na mbuzi?" Aabo akauliza. "Na watoto?"

"Mbuzi wana mchungaji. Watoto wana nyanya yao. Huyu ana nani?"

Tukaondoka bila wao kuagana. Tulipanda lori la mbuzi, mimi nimelazwa juu ya magunia nyuma ya chumba cha dereva, na kila shimo la barabara hiyo nililijua kwa mgongo wangu.

Ilikuwa mwaka wa 1997, mvua za masika, tunazoziita gu', zikiwa zimekaribia kwisha. Ninachokumbuka zaidi siku zile za kwanza ni benchi la ukumbi wa eksirei. Hooyo hakujua Kiswahili ila cha kununulia sukari. Karani aliliita jina langu kwa namna ambayo hata mimi mwenyewe sikulitambua, akapita kwa wengine, na tukabaki tumekaa mpaka ukumbi ukawa mtupu na mfagiaji akatuuliza tunamngoja nani. Nakushauri hivi: mwambie karani mapema jina lako linavyotamkwa. Mwambie mara mbili.

Picha ilipotoka, daktari alimwonyesha Hooyo mfupa uliolika kama mhindi uliovamiwa na panya. Nilivalishwa plasta kutoka kwapani hadi kiunoni, nikalazwa chali katika wodi ya wanawake. Kila asubuhi nilichomwa sindano, na baada ya muda masikio yakaanza kuvuma kama nyuki. Vidonge viligeuza mkojo wangu ukawa mwekundu, na hata machozi yakabadilika rangi. Siku nilipolia mara ya kwanza Hooyo alinifuta kwa ncha ya buibui yake, akaona, akapiga ukelele akidhani nalia damu. Ndani ya plasta, kwa joto lile la Garissa, ngozi iliwasha hadi nikatamani kujikwaruza kwa kisu. Hooyo alichonga msuwaki mrefu akawa anaupenyeza mgongoni na kunikuna polepole, macho ameyafumba kama anayesikiliza.

Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala msichana wa rika langu, mwembamba, mwenye macho ya manjano kidogo. Mguu wake mmoja ulikuwa umeinuliwa kwa kamba iliyofungwa mfuko wa mchanga. Alinitazama kwa muda wa siku nzima bila haya. Kisha akanena.

"Wewe, unaitwa nani?"

"Hibo."

"Mimi Nekesa. Unaweza kugeuza shingo?"

"Kidogo."

"Inatosha. Unataka tutoke hapa?"

Nilidhani homa imempanda. Alicheka, akavuta soksi kutoka chini ya mto na kumimina kitandani dadu za rangi, nyingine zenye pande nyingi kama mawe yaliyochongwa. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile.

Nekesa alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi huuita sikoseli. Baba yake, Mzee Wafula, alikuwa fundi wa mitambo ya maji kule mtoni. Mama yake alibaki Bungoma na watoto wadogo na shamba. Nekesa mwenyewe alisoma shule ya bweni Nairobi, akaja Garissa likizoni kumsalimu baba, na hapo maumivu yakamkamata, kisha mfupa wa nyonga ukaoza kwa ndani. Alizungumza Kiswahili cha shule kilichochanganyika na Sheng. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, cha kujibu maswali ya mtihani. Cha kuongelea nilikipata pale, kitandani, kwa sababu ya ule mchezo.

Mchezo wenyewe alikuwa amefundishwa na mwalimu mmoja kule shuleni. Hauna ubao wala mshindi. Mtu mmoja ni msimulizi: anasema mko wapi na nini kimetokea. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, kama kuruka korongo au kupigana na simba, dadu inarushwa ili ijulikane kama amefaulu. Na kila mtu wa kubuni ana alama za uhai. Akipigwa zinapungua. Zikiisha, amekufa.

Nekesa akawa msimulizi. Mimi nilimbuni mchunga ngamia aitwaye Ubah, msichana mwenye mbio kuliko upepo. Siku ile ile Ubah alivamiwa na majambazi kisimani, akapigwa upanga begani, akabaki na alama chache mno. Moyo wangu ulidunda ndani ya plasta.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa analala. Asubuhi alama zake zimerudi. Anaendelea na safari."

Nikagonga plasta yangu kwa kidole.

"Vipi?"

"Amelala tu?"

"Amelala tu. Ndivyo kanuni zinavyosema."

"Mimi nimelala tangu gu'," nikamwambia.

Akaangua kicheko, nami nikacheka, ijapokuwa kila kicheko kilinichoma mbavuni. Wanawake wa vitanda vingine wakageuka kututazama.

"Hata mimi jambo hilo liliniudhi tangu mwanzo," alisema alipotulia. "Na kuna baya zaidi. Mtu aliyebakiwa na alama moja anakimbia sawasawa na mwenye alama zote. Anaruka, anapigana, anafanya mzaha. Alama ile ikitoka, anaanguka chini, kwisha. Katikati hakuna kitu. Kuna mzima na kuna maiti."

"Nani aliutunga?"

"Watu wenye afya zao, nafikiri."

Basi tukaanza kuurekebisha. Kwanza Nekesa aliweka kanuni kwamba aliyejeruhiwa hutembea polepole kadiri alivyoumia, na hawezi kubeba kitu. Kisha akaweka kanuni ya kusubiri: jeraha kubwa halifungi kabla ya msimu kupita, na msimu huo wenzake wachague kumngoja au kumwacha. Tulianza pia kuulizana asubuhi, kabla hata ya salamu. "Leo una alama ngapi?" Nekesa hakuwahi kunidanganya. Kuna siku alisema saba akiimba, na siku alizosema mbili huku ameuma shuka. Wauguzi walipomuuliza alikuwa akijibu, "Najikaza." Mimi alinipa hesabu halisi, nami nilimpa yangu, na sijui kama nimewahi kuwa karibu na mtu namna hiyo tena.

Mkabala wetu alilala bibi kutoka Rhamu, Ayeeyo Dahabo, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya sukari. Ayeeyo ni nyanya kwa lugha yetu. Hakujua Kiswahili, na alikasirika kwamba tunacheka bila yeye, kwa hiyo nikawa namtafsiria. Siku moja Nekesa alisimulia Ubah alivyovunjika mguu jangwani na wenzake wakafika naye mjini. Ayeeyo akainua mkono.

"Nani aliyembeba?"

Nikatafsiri. Nekesa akakuna kichwa. "Walimbeba tu."

"Walimbeba tu nani? Mgongoni au juu ya ngamia? Nani alimpa maji? Haja yake ndogo nani alimshikia?"

Wodi nzima ikacheka, lakini Ayeeyo hakucheka. Alimwelekeza Hooyo kwa kidole. Mama yangu alikuwa amesinzia chini sakafuni kati ya vitanda viwili, kichwa kwenye ukuta. Nilimtazama kama nilivyokuwa sijamtazama tangu tufike. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka. Bangili iliyokuwa ikimbana mkononi sasa ilimteremka hadi kwenye kiwiko.

"Mwambie msimulizi wako," Ayeeyo akasema, "kwamba anayebeba naye anapungua."

Nikamtafsiria Nekesa. Tangu siku hiyo katika mchezo wetu mgonjwa hakuweza kusogea bila mbebaji, na mbebaji alipoteza alama pamoja naye. Nami tangu siku hiyo nilianza kumkatalia Hooyo nusu ya maziwa aliyoniletea, nikimwambia nimeshiba. Hakuniamini. Tuligombana kimya kimya juu ya kikombe, kila asubuhi.

Kiangazi cha katikati ya mwaka kilikuwa kirefu, chenye upepo wa vumbi. Sindano zilikwisha, vikabaki vidonge. Walinibadilishia plasta, na katika dakika zile za kati, nikiwa kifua wazi na mwepesi, nilipeleka mkono nyuma nikakuta kinundu bado kipo. Kilikuwa kikubwa zaidi. Daktari alisema ugonjwa unapona vizuri. Nikamuuliza, hiki kitashuka lini? Akasema, "Hiki hakitashuka, binti. Mfupa umepona hivyo hivyo ulivyopinda."

Nililia hadi jioni machozi yangu ya rangi. Nekesa alingoja. Kisha nikamwomba jambo: Ubah naye apate jeraha la mgongo, tuone litakuwaje.

Tukacheza hivyo. Ubah aliangushwa na ngamia, akalala msimu mzima, akainuka akiwa amepinda, mbio zake zimekwisha.

"Kule shuleni," Nekesa akasema, "wangempa kitu cha kufidia. Nguvu ya ajabu, jicho la kuona yajayo. Mimi sitampa."

"Kwa nini?"

"Wewe umefidiwa?"

"Hapana."

"Hata mimi. Basi atembee hivyo hivyo."

Kama uko kitandani unasoma haya, huenda umeshaambiwa na watu wema kwamba utapata kitu kikubwa badala ya ulichopoteza. Labda utapata. Lakini mtu wa kwanza aliyenituliza ni yule aliyekataa kuniahidi.

Mwishoni mwa kiangazi hicho Aabo alikuja Garissa na mbuzi wa kuuza. Alipita wodini saa ya wageni, akasimama miguuni pangu na kofia yake mkononi. Hakuzungumza na Hooyo. Macho yake yakaangukia dadu juu ya shuka ya Nekesa.

"Hii ni kamari?" akamuuliza kwa Kiswahili chake.

"Hapana, baba. Ni hadithi tu."

"Hadithi haina haja ya hii kitu. Kwa dini yetu hii ni haramu. Binti yangu hatacheza."

Nekesa hakubishana. Alizirudisha dadu ndani ya soksi, akakata vipande vidogo vya boksi la dawa, akaviandika namba, akavitia katika kikombe. Toka hapo tukawa tunavuta kipande huku tumefumba macho. Kesho yake Aabo alikuja tena, akaona kikombe, akakaa dirishani. Siku ya tatu Ayeeyo Dahabo alimwuliza kama yeye angepita njia ya kisima au ya milima. Aabo alikunja uso.

"Ngamia wana kiu?" akauliza.

Nikamtafsiria Nekesa. "Mwambie wana kiu sana."

"Basi kisima. Mjinga gani anauliza?"

Nadhani alikusudia kukaa Garissa mpaka auze mbuzi basi. Lakini mvua za vuli zilianza, na mwaka huo hazikujua kukoma. Watu waliziita mvua za El Nino. Mto Tana ulipanda ukameza mashamba na nyumba za ukingoni. Barabara ya Nairobi ikakatika, ya Habaswein ikawa ziwa. Malori yalizama hadi madirishani. Aabo hakuweza kurudi. Habari zilimfikia kwa redio za mawasiliano za ofisi za serikali na kwa wasafiri waliotembea kwa miguu: mbuzi wamekufa ndani ya maji, ngamia wanaugua. Kila siku alikuja na kukaa dirishani, na kila siku alikuwa mdogo kidogo kuliko jana. Hooyo akaanza kumwekea chai. Hawakuzungumza, ila aliinywa.

Wodini paa lilivuja, tukasogezwa. Vyura waliingia mpaka chini ya vitanda. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba uliweza kuwakamata kwa kufumba kiganja tu. Malaria ikajaza wodi, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na mtu mwenye selimundu malaria ni adui yake mkubwa. Nekesa alipata homa. Macho yake yakawa manjano kabisa, viganja vikawa vyeupe kama karatasi. Daktari akasema anahitaji damu, na damu ya kutoka Nairobi haiwezi kufika. Mzee Wafula alipimwa. Damu yake haikufaa.

Aabo alinyanyuka dirishani.

"Bima mimi," akasema. Kwetu herufi ya p huwa b mdomoni, na muuguzi hakumwelewa. Akakunja mkono wa kanzu akanyosha mkono. "Damu yangu. Bima."

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akauliza.

"Baba."

"Baba yake ni huyu hapa."

Aabo akamtazama Mzee Wafula, akafikiri. "Basi mimi ni adeer yake," akasema. Adeer kwetu ni ndugu wa baba.

Damu yake ilifaa. Niliiona ikining'inia kwenye mfuko, nyeusi, ikishuka tone kwa tone ndani ya mkono wa rafiki yangu. Siku iliyofuata midomo ya Nekesa ilikuwa na rangi. Aabo alipoingia alimwambia, "Adeer, tangu jana nasikia hamu ya maziwa ya ngamia." Nikatafsiri. Baba yangu, ambaye kwa miezi sikumwona akitabasamu, alifunika mdomo kwa mkono. Alasiri alirudi na maziwa. Sijui aliyatoa wapi katika mji ule uliozingirwa na maji.

Siku zile chache zilikuwa nzuri. Tulicheza. Ubah aliyepinda mgongo aliongoza watu kuvuka mto uliofurika, akiwa juu ya ngamia kwa sababu hawezi kuogelea, na Ayeeyo alipiga makofi.

Kisha homa ikarudi, safari hii na kifua. Nekesa alivuta pumzi fupi fupi, mkono umebana ubavu. Asubuhi ile nilimuuliza kama kawaida, leo una alama ngapi.

"Usiniulize leo, Hibo," akasema.

Hapo nikajua.

Zilikuwako ndege ndogo zilizoleta chakula cha waliofurikiwa. Mzee Wafula alikwenda uwanjani kuomba nafasi, binti yake apelekwe Nairobi. Alishinda huko mvuani. Mimi nilikuwa nimelala na plasta yangu, mkono wangu nimeunyosha na haufiki. Kati ya vitanda vyetu palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja tu, nami sikuweza kuivuka. Ayeeyo Dahabo alirukaruka kwa gongo lake akaketi upande mmoja. Hooyo alipanda kitandani kabisa, akakiweka kichwa cha Nekesa mapajani pake, akawa akimwitikia. Mvua ilipiga mabati hata sauti ya pumzi ile sikuisikia. Niliiona tu, kifua kikipanda na kushuka, kisha kikashuka.

Hooyo alimfumba macho kwa kiganja.

Baadaye kidogo Mzee Wafula alitokea mlangoni, amelowa chapachapa, viatu mkononi, na uso wake ulikuwa unacheka.

"Wamekubali!" akasema. "Kesho asubuhi wanamchukua!"

Ayeeyo Dahabo alijifunika uso kwa shali yake. Mzee Wafula alimtazama yeye, akamtazama Hooyo, na mwisho akatazama kitanda. Viatu vilimponyoka.

Watu wa kwao huzika nyumbani. Kumzika mtoto ugenini ni kama kumtupa. Lakini nyumbani kulikuwa ng'ambo ya maji yote yale, na maiti haingoji mvua. Ni Aabo na wanaume wa soko la mifugo waliotafuta mahali pa juu nje ya mji pasipojaa maji, wakachimba na Mzee Wafula. Sala zake alisali yeye mwenyewe kwa dini yake, nao wakasimama pembeni mikono wameishusha. Mimi sikuwapo. Aabo alinisimulia, ameketi safari hii kitandani pangu, si dirishani. Alisema shimo lilikuwa safi, halikuwa na maji. Alilirudia hilo mara nyingi, halikuwa na maji.

Sitakudanganya kuhusu siku zilizofuata. Kila asubuhi nilifungua mdomo nimuulize mtu alama zake, na kitandani pale alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Vidonge nilivikataa. Hooyo hakunibembeleza. Alikaa na vidonge kiganjani, ameninyoshea, mpaka vikaanza kuyeyuka kwa jasho lake. Nikavimeza. Kama huna sababu yako mwenyewe ya kumeza dawa, meza kwa ajili ya mkono ulionyoshwa. Sababu yako itakuja nyuma.

Mvua zilipokoma plasta ilikatwa kwa mkasi mkubwa. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe, inabanduka kama ya nyoka. Niliposimama, dunia ilikuwa juu kuliko nilivyoiacha, au mimi ndiye niliyekuwa mfupi. Nguo zilining'inia mbele na kubana nyuma. Nilijifunza kutembea nikishika vitanda, kisha ukuta, kisha bega la Aabo, mpaka siku aliponionyesha kaburi la Nekesa. Walibaki ngamia wachache tu nyumbani. Kijana aliyekuwa akitajwa kunioa alioa binamu yangu. Wazazi wangu walipanga chumba Garissa ili nimalize dawa, wakawa wanazungumza tena, kwanza kuhusu maji na kuni, baadaye kuhusu mengine.

Kiangazi kilipokaza na barabara ya Nairobi kufunguliwa, mama yake Nekesa alikuja. Mzee Wafula alimleta hadi mlangoni kwetu akaniomba nimpeleke kaburini, kwa sababu yeye mwenyewe miguu ilimkatalia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye leso kichwani, kabeba mfuko wa simsim na njugu. Tulikwenda polepole, kwa mwendo wangu. Hakuniharakisha.

Pale juu udongo ulikuwa umeshakauka na kupasuka. Alipiga magoti, akaweka viganja juu ya ardhi, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Halafu, bila kugeuka, akauliza:

"Aliumia?"

Nilifikiria majibu yote ya wema. Nikakumbuka kwamba Nekesa hakuwahi kunipa hesabu ya uongo.

"Ndiyo, mama. Aliumia sana. Siku ya mwisho hata hakutaka nimuulize."

Mabega yake yakashuka. "Asante," akasema. "Wote wameniambia alilala tu kama mtoto. Baba yake, daktari, wote. Nami nilimlea tangu alipozaliwa, najua ule ugonjwa unavyomfanya. Nikawa najiuliza, wamemzika nani?"

Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akakaa chini kabisa mchangani. Nikakaa kando yake, kwa taabu, naye akanishika kiwiko mpaka nikafika chini.

"Alisema kitu?"

"Alikuita. Kwa lugha yenu. Mayi, mayi. Aliita mara nyingi."

Akafumba macho. Upepo ulipita ukainua vumbi kati yetu na mji.

"Na nani aliitika?"

"Mama yangu," nikamwambia. "Hakujua maneno, lakini alijua ni nani anayeitwa. Kila alipoita, mama yangu aliitika, mpaka mwisho."

Kisha alisimama, akapangusa magoti, akaninyoshea mikono yote miwili kuniinua.

"Nipeleke kwake," akasema.